Maswali ya wasomaji: Mikweche imejaa ndani, tuipeleke wapi?

Habari zenu wapendwa. Toleo lililopita niliuliza kitu kimoja tu, kifaa chako cha umeme au cha betri kikifa unakipeleka wapi? Sasa barua zilizokuja nyingi hazikuwa majibu, zilikuwa maswali, na mengine yameandikwa kwa uchungu kabisa. Yote sitayaweza. Nimechukua yale ninayoona yanawagusa wengi, na lile la kuchoma waya nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine sababu kuna mtoto mdogo ndani yake.

Swali: Shikamoo fundi. Nina droo ina simu nne za zamani, tableti moja iliyopasuka kioo na chaja ambazo hata sijui za nini. Kutupa naona hasara, kuuza naona aibu. Mwaka wa sita huu zimelala humo. Zina madhara zikikaa?
*Mwenye droo iliyojaa*

Jibu: Marahaba. Hauko peke yako, nyumba chache sana nimeingia nisikute droo kama hiyo, na kila mtu ananipa sababu ileile kwamba ipo siku itahitajika. Shida ni kwamba simu iliyolala inapoteza faida yake kadiri siku zinavyoenda. Mwaka wa kwanza kuna mtu angeitumia vizuri tu akibadilishiwa kioo. Mwaka wa tatu bado fundi angetoa kamera, spika, soketi ya chaji, akaokoa simu nyingine mbili. Mwaka wa sita app nyingi zinagoma kwenye sistimu yake ya kizamani, betri imekufa au ndo inaanza kuvimba, na kilichobaki humo cha maana ni madini.

Na madini yenyewe si ya kudharau. Ndani ya simu kuna dhahabu, fedha, shaba, paladiamu, kobalti, kidogo kidogo kila moja, lakini ukikusanya tani nzima ya simu utapata dhahabu nyingi kuliko kwenye tani ya mawe yanayochimbwa mgodini. Wajapani walilionyesha hili wazi. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019 waliomba wananchi watoe vifaa vyao vya zamani, zikapatikana tani 78,985 za vifaa vidogo pamoja na simu zaidi ya milioni 6, na humo wakatoa dhahabu kilo 32, fedha kilo 3,500 na kilo 2,200 za madini ya shaba nyeusi, wakatengeneza medali zote kama 5,000 za Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo. Sasa hizo zilikuwa simu za kwenye droo, kama zako.

Kwa dunia nzima hali inasikitisha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema mwaka 2022 peke yake watu tulizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, yani malori zaidi ya milioni moja na nusu ya kubeba tani 40 kila moja, ukiyapanga yanakaribia kuizunguka dunia pale ikweta. Kati ya hizo ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa, yani kugeuzwa malighafi tena, kwa utaratibu. Zilizobaki zimeenda dampo, zimechomwa, zimesafirishwa, au zimelala kwenye droo. Na taka zinaongezeka mara tano haraka kuliko urejelezaji unavyoongezeka.

Kwa hiyo fungua droo leo. Angalia kwanza kama kuna betri iliyovimba, hiyo weka pembeni alafu usome jibu la swali la tatu hapa chini. Inayowaka mpe mtu aitumie. Isiyowaka mpe fundi kwa spea, na mwambie wazi kwamba akimaliza mabaki asiyatupe kwenye taka za kawaida. Aibu ya kioo kilichopasuka iache, fundi hajali kabisa.

Swali: Mdogo wangu wa kiume anaokota waya na vifaa vibovu, anavichoma nyuma ya nyumba apate shaba ya kuuza. Nina mtoto wa miaka miwili na moshi unaingia mpaka chumbani. Nikisema, naonekana namkatia riziki. Nifanyeje?
*Dada mtu*

Jibu: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nakuomba hili usilisubirishe hata wiki moja.

Ganda la waya nyingi ni plastiki inayoitwa PVC, na hiyo plastiki ina klorini. Ukiichoma kwenye moto wa wazi unapata moshi wa asidi unaowasha macho na kifua, huo ndo mnausikia. Msiousikia ni dioksini. Hii ni moja kati ya sumu kali sana tunazozijua, na kibaya zaidi ile shaba yenyewe ndani ya waya inasaidia dioksini itengenezeke kwa wingi, yani waya wa shaba ni karibu kitu kibaya kuliko vyote kukichoma. Haiishi moshi ukipotea. Inatua kwenye udongo, inakaa miaka, kuku wakidonoa pale inaingia kwenye mayai, na mwilini mwa mtu inajificha kwenye mafuta.

Alafu kuna risasi. Siyo ya bunduki, nasema yale madini mazito yaliyo kwenye ulehemu wa bodi za zamani na kwenye baadhi ya maganda ya waya. Mtoto wa miaka miwili anatambaa, anashika chini, anaweka mkono mdomoni. Mwili wake unafyonza risasi inayoingia tumboni mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hamna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inaenda kwenye ubongo unaokua. Mtoto anaweza asionyeshe chochote, haumwi, anacheza, alafu miaka ikienda anachelewa kusoma, anashindwa kutulia, na hamna anayeunganisha na lile jivu la nyuma ya nyumba. Ndo mana nasema usisubiri dalili.

Kwa mtoto fanya hivi. Asicheze tena pale palipochomwa, hata kama moto ulizimwa mwezi uliopita, sababu sumu iko kwenye jivu na udongo. Mjomba wake akitoka kazini abadilishe nguo na aoge kabla hajambeba. Ndani futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu, ukifagia unarusha vumbi lenyewe. Mnawishe mikono kwa sabuni kabla ya kula kila mara. Na umpeleke hospitali, uwaambie wazi kwamba nyumbani waya zinachomwa, uulize kipimo cha risasi kwenye damu. Hicho kipimo usipokitaja wewe daktari anaweza asikifikirie.

Sasa mdogo wako. Nakuomba usimwendee kama mkosaji. Wanaookota na kutenganisha hivi vitu ndo wanaofanya kazi ambayo watengenezaji wengi wameikimbia, na mimi nawaheshimu kabisa. Mwambie kitu ambacho kinamhusu yeye kwenye mfuko wake, kwamba shaba iliyochunwa kwa kisu au kwa kile kimashine cha kuchuna waya inabaki inang'aa, na wanunuzi wa chuma chakavu wanaiweka daraja la juu kuliko ile iliyoungua ikawa nyeusi. Anapoteza muda kidogo anapata uzito na bei nzuri zaidi. Waya nyembamba zisizochunika azikusanye aziuze na ganda lake kwa wenye mashine za kusaga na kutenganisha. Bodi asizichome na asizitie asidi kutafuta dhahabu, auze nzima nzima. Asidi inayotumika kwenye kazi hiyo inachoma mapafu, na dhahabu nyingi inapotea tu kwenye maji machafu.

Najua nasema kirefu lakini tumeshaona mwisho wake. Mji wa Guiyu kule China, jimbo la Guangdong, kwa miaka mingi familia zilivunja kompyuta na kuchoma bodi majumbani, na watoto walipopimwa damu walikutwa na risasi nyingi. Agbogbloshie pale Accra, Ghana, vijana walichoma waya mpaka eneo likajulikana dunia nzima kwa moshi, na serikali ilipolivunja Julai 2021 kazi haikufa, wengi waliendelea nayo mitaa ya jirani. Kuvunja kibanda hakumpi mtu njia nyingine ya kula. Kwa hiyo ukiongea na mdogo wako uwe umeshamtafutia hicho kisu kizuri au hata mumchangie mashine ya kuchuna, sababu ukienda na maneno matupu moto utawaka tena kesho yake.

Swali: Betri ya simu imevimba mpaka imeinua kioo, ila simu bado inafanya kazi. Naweza kuendelea nayo mpaka mwisho wa mwezi?
*Anayesubiri mshahara*

Jibu: Hapana. Zima simu sasa hivi, usiichaji tena hata dakika tano. Kilichovimba ni gesi, betri ya lithiamu imeharibika ndani, na ikitobolewa au ikibanwa inaweza kuwaka ghafla. Mwenyewe nimeshuhudia moja ikiwaka mezani kwa fundi mwenzangu aliyeichokonoa na bisibisi ya chuma, ni sekunde, moto kama fataki na moshi ambao usingependa uingie kifuani. Usiitoboe kutoa hewa, wapo wanaofundishana hivyo mtandaoni na ni hatari sana.

Iweke kwenye chombo cha chuma au ndoo yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na jua na vitu vinavyoshika moto. Peleka kwa fundi aitoe kwa usalama, na betri ikishatoka ziba zile ncha zake kwa utepe wa plastiki. Usiitupe kwenye pipa la taka. Malori ya taka yanashindilia mzigo, betri moja ikipondwa humo inaweza kuwasha lori zima na kuwaunguza watu wanaofanya kazi pale nyuma. Habari njema ni kwamba simu yako pengine ni nzima, betri mpya tu na unaendelea nayo.

Swali: Laptopu yangu haina tatizo lolote ila nimeambiwa haiwezi kupokea Windows mpya na ile ya zamani wameacha kuihudumia. Kweli ndo nitupe kitu kizima?
*Mwalimu wa sekondari*

Jibu: Usitupe mwalimu, na hasira yako nakuunga mkono. Huduma ya Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chip ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo kompyuta nyingi sana ambazo hazina ubovu wowote zimeambiwa zimezeeka. Watumiaji wa kawaida walipewa nyongeza ya mwaka mmoja ya kinga za usalama, nayo inaishia Oktoba 2026. Kwangu mimi hii ni njia mbaya ya kuzalisha taka, kifaa kinauliwa na programu wakati chuma chake kinadunda, na mwenye kifaa hakuulizwa.

Njia ipo. Linux, mfano Linux Mint au Ubuntu, ni sistimu ya kompyuta unayoweka badala ya Windows, ni bure, inapokea masasisho ya usalama, na kwa kuandika, kusoma, barua pepe na video inatosha kabisa, hata muonekano hautakusumbua zaidi ya wiki. Kabla ya kuiweka hamisha mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Na kama laptopu ilikuwa inafanya kazi polepole, muulize fundi kama bado ina ile diski ya kizamani ya kuzunguka, akutolee aweke SSD, yani diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi, na kukuongezea RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kama inakubali. Nimeona mashine za miaka kumi zikifufuka hivyo mpaka mwenyewe anauliza kama nimembadilishia.

Sheria nazo zinaanza kusogea japo taratibu. Ufaransa Januari 2021 ilianza kutaka baadhi ya vifaa, simu na laptopu zikiwemo, viuzwe vikiwa na alama inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuvitengeneza. Umoja wa Ulaya tangu mwisho wa 2024 unalazimisha simu mpya kutumia chaja ya aina moja ya USB-C, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi kwa sehemu kubwa zitatakiwa ziwe za kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Mkumbuke zamani karibu simu zote zilikuwa hivyo, unafungua mfuniko kwa ukucha unabadilisha betri basi. Hatuombi miujiza, tunaomba turudishiwe tulichokuwa nacho.

Swali: Ningependa kutoa simu yangu ya zamani ila naogopa picha na meseji zangu zitafufuliwa. Nikiivunja na nyundo si ndo salama zaidi?
*Muoga*

Jibu: Nyundo hapana, utapiga betri na yatakukuta yale ya swali la tatu. Simu nyingi za miaka kumi hii zinahifadhi vitu kwa kuvifunga na ufunguo wa siri, ukiziriseti vizuri, yani kuzirudisha kama zilivyotoka kiwandani, ule ufunguo unafutwa na kilichobaki ni takataka zisizosomeka. Ila fuata mpangilio. Nakili picha zako kwanza, toa laini na memori kadi, alafu *ondoa akaunti zako kwenye simu*, ndipo uriseti kila kitu. Watu wengi wanaruka hapo kwenye akaunti, anayepewa simu anakuta imefungwa kwa jina la mwenye nayo wa mwanzo na haifunguki, kifaa kizima kinageuka taka. Kama haiwaki kabisa, mwombe fundi aipe umeme kwa betri nyingine uifute mbele ya macho yako.

Swali: Nasikia nchi tajiri zinajaza taka zao kwenye makontena zinapeleka kwa maskini kwa jina la msaada. Hamna sheria?
*Mwananchi mwenye hasira*

Jibu: Sheria ipo. Mkataba wa Basel ulipitishwa 1989 ukaanza kazi 1992, unadhibiti taka hatari kuvuka mipaka. Afrika iliona hautoshi ikatengeneza wa kwake, Mkataba wa Bamako wa 1991, unaokataza kabisa taka hatari kuingizwa barani. Mwanya mkubwa ulikuwa kwenye jina. Mzigo ukiandikwa "vifaa vilivyotumika" unapita, wakati ukifungua kontena unakuta baadhi ya TV haziwaki na haziwezi kutengenezeka, anayepokea ndo anabaki na uchafu. Ghana na Uswisi walipeleka pendekezo kwenye Mkataba wa Basel, na tangu 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe zinahesabiwa hatari au la, haziruhusiwi kusafirishwa bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Marekani mpaka leo haijaridhia mkataba huu.

Kwa wewe unayenunua kilichotumika, dai kiwashwe mbele yako, chaji iingie, kioo kiguswe kila kona. Muuzaji akikataa kuwasha, hicho si kifaa, ni taka anakuhamishia wewe.

Swali: Friji ya zamani sana, fundi anataka kukata mabomba gesi itoke alafu auze chuma. Sawa?
*Mama mwenye friji*

Jibu: Si sawa mama. Friji za zamani sana zina gesi inayokula tabaka la ozoni, ndiyo ile iliyopigwa vita na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa 1987, na zilizofuata nyingi zina gesi ya R-134a ambayo inapasha joto dunia zaidi ya mara elfu moja ya hewa ya ukaa kilo kwa kilo. Za sasa baadhi zina gesi inayowaka moto. Tafuta fundi wa friji mwenye mashine ya kunyonya gesi kwenye mtungi, kisha chuma kiende. Na mlango utolewe kabla friji haijawekwa nje, watoto wanajificha humo na hawawezi kutoka.

Swali: Nimemaliza shule, napenda kufungua fungua vitu. Nina redio moja imekufa na sina hela ya chuo. Nianzie wapi?
*Kijana wa bisibisi*

Jibu: Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Anzia kwenye hiyo redio. Toa betri, chomoa kwenye umeme, iache ikae, sababu kapasita zinashika umeme hata baada ya kuchomoa. TV zile za mgongo mkubwa usiziguse bado, umeme wake unaweza kuua na kioo chake kina risasi. Kitu cha kwanza kutafuta ni mita ya kupimia umeme, hata ya bei ya chini, kabla hujafikiria chuma cha kulehemu. Pima waya wa umeme kama umekatika ndani, pima fyuzi, angalia swichi na soketi kama zimeshika kutu. Vifaa vingi ninavyoletewa vikisemwa vimekufa vina ugonjwa kwenye mojawapo ya sehemu hizo, na vingine ni uchafu tu kwenye soketi ya chaji. Piga picha kila hatua unapofungua ili ujue kurudisha, na skrubu zipange kwa mpangilio ulivyozitoa. Ukilehemu fungua madirisha, usile mezani hapo, nawa mikono ukimaliza.

Ikishaongea hiyo redio niandikie ilikuwa inaumwa nini.